Kuandika Kiingereza kidato cha kwanza hadi cha nne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata hapa Tanzania. Maswali haya huulizwa na wanafunzi baada ya kipindi, na wazazi siku ya kikao, na walimu wenzangu tukiwa ofisini na rundo la madaftari mezani. Nimeyajibu kwa kirefu pale ninapoona watoto wanakwama zaidi. Msimamo wangu utauona katika karibu kila jibu: mwanafunzi hujifunza kuandika kwa kutunga sentensi zake mwenyewe, fupi, mara kwa mara, kisha kuziandika upya baada ya kusahihishwa. Kunakili notsi ubaoni hakumfundishi kuandika, hata kama daftari limejaa.

Mwanangu alifaulu vizuri darasa la saba. Mbona kidato cha kwanza hawezi kuandika hata aya moja ya Kiingereza?

Kwa sababu mpaka amalize shule ya msingi, hakuna aliyemdai aandike. Amesoma Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja miongoni mwa mengine. Mtihani wenyewe wa kumaliza darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu: mtoto anasoma, anachagua herufi, anaweka kivuli. Mtoto mwenye akili anaweza kupata alama nzuri za Kiingereza kwa njia hiyo bila kutunga aya hata moja. Anaingia kidato cha kwanza, na Baiolojia, Jiografia, Fizikia na Kemia zote zinamjia kwa Kiingereza, tena zinamtaka aeleze kwa maneno yake.

Mkanganyiko huu una historia. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, lakini serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mimi naona hoja za tume zilikuwa nzito na mjadala huo bado ni halali. Ila mtoto aliyekaa darasani leo anafanya mtihani wa leo, na hatuwezi kumwambia asubiri mjadala uishe.

Ndiyo maana kidato cha kwanza huanza na kozi ya awali ya Kiingereza kwa wiki chache. Inamsaidia kuvuka siku za mwanzo, lakini haiwezi kulipia miaka yote ya nyuma. Mzazi, usimwite mwanao mjinga katika muhula wa kwanza. Anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anajifunza somo, na anajifunza lugha ya somo.

Ninapoandika, nifikirie kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Fikiri kwa lugha unayoijua. Wapo wanaowaambia wanafunzi waache kabisa kufikiri kwa Kiswahili, na matokeo yake mtoto anabaki na karatasi tupu, kwa sababu katika Kiingereza alichonacho bado hakuna cha kufikiria.

Kosa liko mahali pengine. Mwanafunzi anatunga kichwani sentensi ndefu ya Kiswahili yenye "ambaye" mbili na "ili" moja, halafu anaitafsiri neno kwa neno kama ilivyo. Haiwezi kutoka salama. Fanya hivi: andika pembeni, kwa Kiswahili, mambo unayotaka kusema, neno moja moja tu. Kwa mfano, kama insha ni ya safari ya kijijini: basi, mvua, kukwama, bibi, uji. Kisha kifute Kiswahili kichwani na ujiulize, "Kuhusu basi, ni sentensi gani ya Kiingereza ninayoiweza?" Labda ni hii tu: "The bus was old." Iandike. Inayofuata: "It rained all day." Umeshapata mbili sahihi. Sentensi fupi tano zilizo sahihi zina thamani kuliko moja ndefu iliyovunjika katikati.

Makosa gani hujirudia zaidi, na yanatoka wapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi ya wanafunzi wetu yana sababu, na ukiijua sababu unaanza kuyaona mwenyewe. Nimetunga aya hii kwa kukusanya makosa ninayokutana nayo madaftarini:

"Yesterday I have gone to the market with my mother. My mother she buyed tomatoes and onions. In the market they were many people. We returned back at home at ten o'clock of evening. Although I was tired but I am happy."

Twende moja moja. "I have gone" imetoka kwenye "jana nimeenda sokoni", ambayo kwa mazungumzo ya Kiswahili haimsumbui mtu. Kiingereza hakikubali. Ukishataja wakati uliokwisha, kama "yesterday" au "last week" au "in 2020", kitenzi kinaingia wakati uliopita wa kawaida: "I went".

"My mother she" ni kosa la mtoto anayeijua lugha yake vizuri. Tunaposema "mama alinunua", ile "a-" ya mwanzo wa kitenzi inamrudia mama. Mwanafunzi anaitafutia "a-" hiyo mahali pa kukaa katika Kiingereza, anaweka "she". Kiingereza kinamtaja mtenda mara moja tu: ama "my mother", ama "she".

"Buyed" ni kitenzi kisichofuata kanuni, kinakuwa "bought". Vitenzi vya namna hii vinavyotumika kila siku havizidi dazeni chache, na hivi ndivyo vya kukariri. "They were many people" inatokana na "walikuwa watu wengi". Hapo Kiingereza kinataka "there were". "Returned back" ni kurudia, kwa kuwa neno "return" tayari lina "back" ndani yake.

Saa ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu sarufi inaweza kuwa safi na maana ikawa imeharibika kabisa. Mtoto alirudi saa kumi jioni, yaani "four o'clock in the afternoon". Akiandika "ten", msomaji anaelewa kwamba mama na mwana walirudi usiku. Kila unapoandika saa, ongeza sita au toa sita: saa moja asubuhi ni "seven", saa nane mchana ni "two", saa kumi na mbili jioni ni "six". Katika barua ya kumwalika mgeni wa mahafali, kosa hili linamleta mgeni wakati hakuna mtu.

Sentensi ya mwisho ina mawili. Sisi tunasema "ingawa nilikuwa nimechoka, lakini nilifurahi" na inakubalika. Kiingereza kinataka kimojawapo, ama "although" ama "but". Halafu masimulizi yameanza wakati uliopita, yakaishia wakati uliopo. Chagua wakati mmoja na ukae nao hadi mwisho.

Aya iliyosafishwa ni hii: "Yesterday I went to the market with my mother. She bought tomatoes and onions. There were many people in the market. We returned home at four o'clock in the afternoon. Although I was tired, I was happy."

Ongeza matatu nje ya aya hiyo. Kwanza, "I am go to school", inayotoka kwenye "ni-na-enda" iliyokatwa vipande na kila kipande kikapewa neno lake. Ama "I go" kwa jambo la kila siku, ama "I am going" kwa jambo linaloendelea sasa. Pili, kuchanganya "he" na "she", kwa sababu "yeye" wetu hana jinsia. Ukimaliza kuandika kuhusu dada au mama, rudi ukakague viwakilishi vyote. Tatu, "more better" na "more bigger". "Better" peke yake inatosha.

Vipi kuhusu "a", "an" na "the"? Sizielewi kabisa.

Kiswahili hakina vitu hivyo, kwa hiyo usijilaumu. Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili nasema wazi: shughulika kwanza na vitenzi. Mtu akikosea "the" bado anaeleweka. Akikosea wakati wa kitenzi, habari nzima inageuka.

Kanuni moja ya kuanzia inakufikisha mbali. Nomino ya umoja ya kitu kinachohesabika haisimami peke yake. Si "I saw dog" bali "I saw a dog". Mara ya pili unapomtaja mbwa yuleyule, msomaji ameshamjua: "The dog was sick." "An" inakuja mbele ya sauti ya irabu, kama "an egg" na "an hour", ambapo "h" haisikiki. Hayo yakikaa, mengine utayaokota kwa kusoma.

Rafiki zangu wanakariri insha kutoka kwenye vitabu vya maswali na majibu. Nami nikariri?

Hapana. Naomba unielewe hapa, kwa sababu najua presha ya mtihani ilivyo. Insha iliyokaririwa inamsaidia mwanafunzi siku moja tu, ile ambayo swali limekuja kama alivyolikariri. Likigeuzwa kidogo, kama alikariri "My School" na ameulizwa kuhusu tatizo la maji katika eneo lake, anaandika ya shule kisha anachomeka neno "water" hapa na pale. Msahihishaji analiona kuanzia mstari wa pili. Na hata asingeliona, mtoto huyo amemaliza miaka minne bila kuweza kuandika ujumbe wa kuomba kazi.

Kama kukariri unakuweza, kuelekeze kwenye vitu vinavyofaa kila mara: vitenzi visivyofuata kanuni, muundo wa barua rasmi, na maneno ya kuunganishia kama "first", "because", "for example", "however", "as a result". Hizo ni nyenzo utakazozitumia kwenye insha yoyote.

Nifanye nini nyumbani kila siku, bila mwalimu?

Tenga daftari moja dogo, lisiwe la somo lolote. Kila siku andika sentensi tano au sita kwa Kiingereza kuhusu jambo ulilolijua au kuliona siku hiyo. Usitafute mada kubwa. Mechi ya Simba na Yanga inatosha. Foleni ya maji inatosha. Ng'ombe aliyeingia kwenye shamba la jirani anatosha. Wanafunzi wangu wa kiume waliokuwa wakiniambia hawana cha kuandika, nilipowaambia waeleze goli moja tu lilivyofungwa, walijaza ukurasa.

Hadithi za nyumbani nazo ni hazina. Chukua hadithi ya Sungura na Fisi uliyosimuliwa na bibi na uiandike kwa Kiingereza. Mwanzo, kati na mwisho unavijua tayari, kwa hiyo akili yote inakwenda kwenye lugha. Zoezi hili nalipenda kuliko lolote kwa kidato cha kwanza na cha pili.

Kuna zoezi jingine kwa siku ambazo huna la kusema. Chukua aya fupi ya Kiingereza kutoka kitabu cha kiada. Soma sentensi moja kwa makini, ifunike kwa mkono, iandike kutoka kichwani, kisha funua ulinganishe. Utaona umeacha "the", umekosea herufi, umebadilisha kitenzi. Hapo unajisahihisha bila mtu. Usifanye zaidi ya aya moja kwa mara moja, na usilifanye kwa kuangalia juu na chini kila neno, maana utakuwa umerudi kunakili.

Jumamosi rudi kwenye daftari, chagua maandishi ya siku moja, uyaandike upya yakiwa bora zaidi. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa kuwa inachosha. Mimi nawaambia ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo unapogundua unachokikosea kila mara.

Hatuna vitabu nyumbani. Nisome nini?

Anza na vitabu vya kiada, hata vya vidato vya chini kuliko chako. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akisoma kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza na kukielewa chote, amefanya jambo la maana. Asione aibu. Kitabu chepesi unachokisoma hadi mwisho kinafundisha zaidi ya kigumu ulichokwama ukurasa wa pili.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, ambavyo vinaweza kusomwa kwa simu ya mzazi. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba katika miji mingi ya mikoa, na Maktaba Kuu ya Taifa iko Dar es Salaam, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Gazeti la Kiingereza la wiki iliyopita lililofungiwa maandazi nalo linafaa: soma habari moja fupi, hasa ya michezo, kwa kuwa matokeo unayajua tayari na maneno mapya utayakisia kwa urahisi.

Neno usilolijua likijitokeza mara moja, lipite. Likijirudia mara tatu, litafute kwenye kamusi na uliandike pamoja na sentensi yake nzima. Orodha ya maneno matupu na tafsiri zake huwa inasahaulika upesi.

Mimi mzazi sijui Kiingereza. Nitamsaidiaje mwanangu?

Unaweza kumsaidia sana, na usikubali mtu akwambie vinginevyo. Mwombe akusomee kwa sauti alichoandika, kisha akueleze kwa Kiswahili. Akishindwa kukueleza, basi amenakili au hakuelewa, na nyote mtaligundua hapo hapo. Akikueleza, muulize maswali ya kawaida ya mzazi: ilikuwa lini, nani alikuwepo, ikawaje? Majibu yake ndiyo sentensi ambazo hakuziandika. Mwambie akaziongeze.

Kusoma kwa sauti kuna faida ya pili. Sikio la mtoto linasikia sentensi iliyokatika hata pale jicho lake lilipoiruka.

Mengine ni ya nyumba yenyewe: dakika ishirini bila kutumwa dukani, taa, kalamu inayoandika. Kwa mtoto wa kike hili nalisisitiza, maana katika nyumba nyingi kaka anasoma wakati dada anaosha vyombo. Na kama mwanao anasogeza daftari karibu sana na macho, au anaruka mistari anaposoma ubaoni, mpeleke akapimwe macho kabla ya kumtafutia tuisheni.

Majibu ya Historia nayajua, lakini kila mtihani napata alama ndogo. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni kwamba unataja wakati umeambiwa ueleze. Soma kitenzi cha swali. "Mention" na "list" zinataka utaje tu. "Explain" inataka utaje, ufafanue, na utoe mfano. "Compare" inataka vitu viwili viwekwe pamoja, kufanana na kutofautiana. Wanafunzi wanaandika vilevile kwa maswali yote.

Chukua swali la sababu za vita vya Maji Maji. Mwanafunzi anaandika: "Forced cotton. Taxation. Bad rule." Anajua, lakini hajaeleza. Jaribu sentensi tatu kwa kila hoja. Ya kwanza inataja, ya pili inafafanua, ya tatu inatoa ushahidi:

"The Germans forced people to grow cotton. This work took them away from their own farms, and they were paid very little. In July 1905, people at Nandete in the Matumbi hills uprooted the cotton, and the uprising began."

Hakuna neno gumu hapo. Kila sentensi ni fupi na ina kazi yake. Ukiwa na hoja tano za namna hiyo, kila moja ikiwa aya yake, pamoja na utangulizi mfupi na hitimisho, umeandika insha kamili ya Historia. Namna hiyohiyo inafanya kazi kwenye Jiografia na Baiolojia.

Angalia pia madaraja ya Baraza la Mitihani kwa kidato cha nne: D ni kuanzia 30 hadi 44, C inaanzia 45. Mwanafunzi mwenye 42 anahitaji alama tatu tu, na mara nyingi alama hizo ziko kwenye maelezo ambayo hakuyaandika.

Barua rasmi na barua ya kirafiki vinanichanganya.

Hizi ni alama ambazo mwanafunzi hapaswi kuzipoteza, kwa sababu muundo haubadiliki. Barua ya kirafiki ina anwani moja, ya mwandishi, juu kulia, na tarehe chini yake. Unaanza na "Dear" na jina la kwanza la rafiki, na unamaliza kwa maneno ya kirafiki na jina lako.

Barua rasmi ina anwani mbili. Ya pili ni ya unayemwandikia, inakaa kushoto, ikianza na cheo chake. Ukianza na "Dear Sir" au "Dear Madam", unamaliza na "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina la ukoo, unamaliza na "Yours sincerely". Kichwa cha barua kinafuata baada ya salamu, kwa herufi kubwa au kimepigiwa mstari. Kisha sahihi na jina kamili.

Kwa lugha, acha salamu ndefu. Sisi tukimwandikia mkubwa tunaanza na kumtakia afya na kumuuliza habari za kazi, na kwa Kiswahili ni adabu njema. Katika barua rasmi ya Kiingereza, adabu ni kusema shida yako katika sentensi ya kwanza: "I am writing to apply for the post of…"

Darasa langu lina wanafunzi wengi sana. Nitasahihishaje insha zote? (Swali la mwalimu)

Mwalimu mwenzangu, hutaweza kusahihisha zote kwa kina, na ukijaribu utaacha kuwapa kazi za kuandika kabisa. Hilo ndilo hasara kubwa. Afadhali waandike kila wiki na usahihishe sehemu, kuliko waandike mara mbili kwa muhula na usahihishe kila herufi.

Ninavyofanya: nachagua kosa moja la wiki, tuseme wakati uliopita, na nasahihisha hilo tu. Nawatangazia mapema. Mengine nayaacha, hata yanapoudhi macho. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto jambo moja, kwamba hawezi. Kosa nalipigia mstari bila kuandika jibu, na yeye ndiye anayelirekebisha.

Madaftari nayachukua kwa zamu, safu moja kwa siku. Wengine wanabadilishana na jirani na kukaguana kosa lile lile la wiki. Halafu nachukua sentensi nne au tano zenye makosa, bila majina, naziandika ubaoni, na darasa zima linazirekebisha. Dakika hizo kumi hufanya kazi kubwa kuliko saa mbili za usiku nikiwa peke yangu na kalamu nyekundu.

Usisahau kuweka ubaoni sentensi moja nzuri iliyoandikwa na mmoja wao, na hiyo itaje jina la aliyeiandika.

Shule yetu inawavisha kibao wanafunzi wanaoongea Kiswahili. Inasaidia?

Naipinga adhabu hiyo waziwazi. Nilichokiona kwa wanaovishwa kibao ni kunyamaza. Mtoto anayeogopa kukosea hatamki, na asiyetamka hana sentensi ya kuiandika. Kama shule inataka Kiingereza kisikike, iwe na mdahalo wa kila wiki, gazeti la ukutani, na habari za asubuhi zinazosomwa paredi na wanafunzi wenyewe. Hayo yanawapa sababu ya kuandika. Na kuijua lugha yake vizuri ni mtaji kwa mtoto: anayeweza kupanga insha nzuri ya Kiswahili anajua tayari utangulizi ni nini, hoja ni nini na mfano ni nini.

Naruhusiwa kutumia simu, programu za kutafsiri au akili mnemba?

Shuleni, kwenye shule zetu za serikali, simu haziruhusiwi. Nyumbani, kwa simu ya mzazi, inategemea unaitumia lini. Ukiomba ikuandikie insha kisha ukainakili, umefanya kilekile ambacho wenzako wanafanya na vitabu vya majibu. Ukiandika mwenyewe kwanza, halafu ukaiuliza, "Nionyeshe makosa matatu na unieleze kwa Kiswahili", umepata msaada ambao wanafunzi wa zamani hawakuwa nao. Utaratibu ni huo: wewe kwanza, simu baadaye. Na kinachosemwa na simu kilinganishe na kamusi au mwalimu.

Lugha ya ujumbe mfupi, ile ya "u" badala ya "you" na "bcoz" badala ya "because", iache kwenye simu. Naiona hadi kwenye karatasi za mtihani wa kidato cha pili.

Tahajia zinanishinda. Kwa nini Kiingereza hakiandikwi kinavyotamkwa?

Kwa sababu matamshi yake yalibadilika kwa karne nyingi na maandishi hayakufuata. Kiswahili kinatudekeza katika hili. Dawa ni kuandika neno kwa mkono, bila kulitazama, mara chache kwa siku tofauti. Yafuatilie maneno unayoyakosea wewe, si orodha ya darasa zima. Kwa wengi wetu ni yaleyale: "because", "which", "their", "beautiful", "government", "environment".

Nitaona mabadiliko baada ya muda gani?

Hesabu kwa miezi. Mwanafunzi anayeandika kila siku na kurudia maandishi yake huwa anaanza kuona tofauti ndani ya muhula, kwanza kwenye urefu wa anachoandika, baadaye kwenye usahihi. Kuna kipindi makosa huongezeka, kwa sababu anajaribu sentensi ambazo hakuwahi kuzijaribu. Mzazi na mwalimu wasimvunje moyo hapo.

Mtihani umekaribia. Nifanye nini ndani ya chumba cha mtihani?

Soma swali la insha mara mbili na upigie mstari kitenzi cha swali. Tumia dakika tano kuorodhesha hoja zako pembeni, kwa Kiswahili ukitaka, kisha uzikate kwa mstari ili zisihesabiwe kama jibu. Andika sentensi unazoziweza. Kama hujui neno, lizunguke: asiyejua "orphan" anaweza kuandika "a child whose parents have died", na hakuna alama itakayopotea. Usizidi idadi ya maneno uliyopewa, maana maneno ya ziada yanakuja na makosa ya ziada.

Bakiza dakika kumi. Zitumie kupita kwenye karatasi mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja: kwanza vitenzi na wakati wake, kisha "he" na "she", mwisho herufi kubwa na nukta. Ukitafuta vyote kwa mpigo hutaona kitu.